Kanula ya Kijani na Mtihani wa Jumatano

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha afya.
Jumapili, 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Hujambo, wewe na shemeji? Goti limepoa, au bado linakukatalia ngazi? Sisi wazima, isipokuwa kikohozi cha baba watoto, nacho kinaaga.

Barua yako imenifikia. Asante kwa kumwekea binti yangu, mwanao, nafasi dukani kwako, lakini haji. Amefeli mtihani mmoja wa vitendo, hajafeli uuguzi. Jumatano anarudia. Akianguka tena wanamtoa chuoni, ndiyo maana hapa kwetu hakuna mchezo.

Kosa lenyewe nikwambie. Alipewa bibi mmoja wa kuwekewa dripu ya maji, ya kwenda polepole. Binti akaona mshipa mnene kwenye kiwiko, akachukua kanula, kile kimrija cha kupitishia dripu mshipani, ya kijani, nene, akaingiza mara moja tu! Mkono mwepesi huo kaurithi kwangu, usibishe. Lakini bibi alipokunja mkono anywe chai, dripu ikagoma na kiwiko kikavimba. Mkufunzi akamwambia, "Umechagua mshipa uliokupendeza wewe, siyo unaomfaa mgonjwa."

Sasa na mimi niliyeishia darasa la saba ni nusu muuguzi! Mshipa unaanza kuutafuta chini mkononi, karibu na kiganja, unapanda juu taratibu, unakwepa panapokunjwa. Kanula unachukua ndogo inayotosha kazi: kwa maji ya polepole, ya waridi au ya buluu. Ya kijani na zinazoizidi unene ni za mtu anayehitaji maji au damu haraka. Na namba zao ni vituko, dada: namba ikipanda, kanula inapungua!

Kila nikimaliza kufua nakaa dirishani, binti ananifunga mpira mkononi, anapapasa kwa kidole. Hachomi, sindano haziji nyumbani. Nikajisifu kwamba mtaa mzima hakuna mwenye mishipa kama yangu. Akanijibu, "Mama, yako inajionyesha mno. Nitafutie mtu mgumu."

Nikamwita jirani muuza mkaa, mnene kama unavyomjua. Mkono wa kwanza, hakuna kitu. Binti hakuhangaika. Akahamia wa pili, akapapasa, akatulia. "Huu hapa. Ya buluu." Jirani akauliza, "Na mimi nimefaulu?" Tulicheka mpaka baba watoto akakohoa upya.

Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nikianguka je?" Nikamwambia tutakwenda wote kwa mkuu wa chuo, tumwombe amruhusu aanze mwaka upya, na siondoki mpaka anisikilize. Gauni la kwendea nimeshalipiga pasi.

Msalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako hata kama amenuna. Mungu akutunze, akupe miguu ya kuja kututembelea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mama Muuguzi
(ndivyo mtaa unavyoniita sasa)