Gauni Lililokatwa Voi

Dada Wakio mpenzi,

Voi ni joto na vumbi jekundu, nami nina raha tele. Jana mume wangu alifanya mtihani wa kuhudumia majeruhi. Angeanguka, asingepata kazi ya ambulansi. Nikajitolea kulala kwenye machela kama niliyegongwa na lori. Kwa kutaka kupendeza, nilivaa gauni ulilonishonea la fungate. Alipofika kuchana mkono wa gauni aone jeraha, makasi yakasimama.

"Shemeji ataniua," akanong'ona.

Mkufunzi akasema, "Huyu atatangulia kufa, bwana. Kata."

Akakata hadi begani, akafaulu. Nisamehe, dada. Nililala pale na gauni lililochanwa, nikampenda kuliko siku ya harusi.

Nakukumbatia wewe na kijiji chote cha Mghange,
Mkawasi