Maembe Yaliyokatwa Upande wa Pili

6 Machi

Kwako seremala wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo. U hali gani huko kwenye ujenzi wa daraja, na kile kikohozi kimekuacha? Mimi huku mzima wa afya, ila mikono inanata sukari ya maembe tangu asubuhi.

Chanja zako nane za kuanikia matunda zimeanza kazi. Fundi Redio, jirani yetu wa mlango wa pili, alidhani umenitengenezea vitanda vya paka. Kila siku napanda ngazi na sinia la vipande, navipanga juu ya paa la zege visigusane, nafunika na kitambaa cha chandarua, saa sita napanda tena kuvigeuza. Kwanza navichovya kwenye maji ya ndimu visiwe vyeusi. Mananasi ni masumbufu, siku ya tatu bado yanatoa machozi. Embe siku mbili tu, ukilikunja likakunjika bila kutoa maji, basi tayari. Kinachoninyima raha ni mvua. Juzi ilinitimua mbio na chanja kichwani, ungesema nimeiba.

Kwa kuwa simu za huko hazishiki, nampa dereva wa gari la vyakula barua hii na pakiti mbili. Moja ni yako. Ya pili nayo ni yako, maana nakujua, ya kwanza utaimaliza kabla hujafungua barua.

Mkeo

20 Machi

Kwako mke wangu kipenzi,

Natumai barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha. Kikohozi kimekwisha, mkataba bado.

Pakiti zimekwisha siku moja. Msimamizi alikuja kukagua mbao zangu akaondoka na mfuko wa shati umetuna. Nimebakiza vipande vitano, nimevificha kwenye sanduku la misumari ambako hakuna mlafi atakayetia mkono. Nakusifu kwa ukataji: unene mmoja, mshazari mmoja, kazi ya fundi.

Ukipanda ile ngazi, mtu aishike chini. Mguu mmoja wa ngazi ni mfupi, nilisema nitaurekebisha nikaondoka bila kuurekebisha. Usinichekee, nasema kweli.

Mumeo

15 Mei

Kwako mume wangu,

Salamu. Hujambo? Mimi sijambo. Unisamehe kwa magari matatu kupita bila barua. Kazi zimenizidi. Pokea pakiti moja ya embe. Usiwe na wasiwasi.

Mkeo

29 Mei

Kwako mke wangu,

Salamu. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna mahali pa kukaa.

Magari matatu nilisimama getini kama mtu anayesubiri mshahara, kisha ikaja karatasi ya mistari minne. Nikasema sawa, amechoka. Lakini mwandiko ule si wako. Herufi zako hulala, hizi zimesimama zikitetemeka. Nani anakuandikia?

La pili ni embe. Utanicheka, lakini hii ndiyo kazi yangu, nikiona ubao najua umekatwa na mkono gani. Nilitoa vile vipande vitano vya zamani nikavipanga mezani na hivi vipya, upande wa kikonyo juu, upande wa ganda ukinitazama. Vya zamani mshazari unashukia kulia. Vipya vyote, kimoja baada ya kingine, unashukia kushoto. Aliyekata ni mtu wa mkono wa kushoto. Wewe si mtu wa mkono wa kushoto.

Jikoni kwangu kuna nani? Nieleze tu nilale.

Mumeo

12 Juni

Kwako Bwana Mpelelezi,

Hujambo? Sijambo. Umeambiwa ujenge daraja, wewe unapima embe! Wenzako wanalitia mdomoni, wewe unalifungulia kesi.

Naandikia gotini, ndiyo maana herufi zinatetemeka. Jikoni hakuna mtu mwingine, kila kipande ulichokula nimekikata mimi. Hilo naweza kuapa popote utakapotaka. Sasa kula, uache kunichosha.

Mkeo

26 Juni

Kwako,

Salamu. Hali yangu usiulize.

Dereva ameniambia jambo, wala sikumwuliza. Hapana, nisikudanganye, nilimwuliza. Anasema alipokuja kuchukua mzigo alimkuta mwanaume anashuka kwenye ngazi yangu na chanja yangu begani, nawe umesimama chini unamwelekeza, “Polepole, hapo, shuka.” Nikamwambia nieleze alivyo. Akanieleza. Ni Fundi Redio.

Usiku kucha nimejaribu kukumbuka Fundi Redio anashika kikoleo cha kuunganishia nyaya kwa mkono gani. Sikumbuki. Mtu nimekaa naye mlango kwa mlango miaka sita, na mkono wake siukumbuki. Nina wivu, ndiyo, nauandika hapa kwa wino. Zile mbao za chanja nimezipiga randa mimi, moja moja, ili wewe usichomwe na kibanzi. Sikuzipiga randa kwa ajili yake.

Kuna kitu unanificha. Nakujua.

Mumeo, kama bado

10 Julai

Mume wangu,

Leo sikusalimu.

Mdogo wako, fundi bomba, alikuja Jumamosi “kutazama bomba la jikoni.” Bomba halivuji. Alilifungua na kulifunga mara tatu, kisha akauliza kama chumbani nako kuna bomba. Chumbani! Nikamwambia, shemeji, kaa, kunywa chai, tazama vizuri, maana kaka yako atataka maelezo kamili. Kisha nikachukua kisu nikakata embe mbele yake. Alitazama mpaka embe la pili, akaweka kikombe chini akalia. Nimemkataza asikuandikie. Nitakuandikia mwenyewe.

Tarehe ishirini na saba Machi mvua ilikuja ghafla. Nilipanda kuokoa chanja na ngazi ikateleza. Ndiyo, ule mguu mfupi. Niliangukia mkono wa kulia, mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika karibu na kiganja. Wiki sita za plasta. Ilipofunguliwa, vidole vitatu vilikataa kukunjika, na daktari anasema tusivisubiri.

Nikajifundisha upya. Maembe ya mwanzo yalitoka kama yametafunwa na mbuzi. Nilijikata, nikafunga kitambaa, nikakata tena, kwa sababu sikutaka kukaa kitandani nikikungoja uje uwe na huruma. Aliyekata kwa kushoto ni mimi. Anayekuandikia ni mimi, ukurasa huu ni kazi ya tangu asubuhi. Na kwa kuwa siwezi kushika ngazi kwa mkono mmoja, huyo Fundi Redio wako, mzee mwenye wajukuu na goti bovu, ananipandia, anashuka akishika kiuno. Huyo ndiye hawara yangu.

Kwa nini nilikuficha? Nilipopasuliwa tumbo uliacha kazi ya kiwanda cha mbao siku ileile, ukakaa miaka miwili bila kazi, ukakonda mbele ya macho yangu ukisema ni mfungo. Nilijua ukisikia kuhusu mkono utatoroka hapo, na fundi anayetoroka hapo haitwi tena popote. Nilikosea kuficha. Nakiri. Lakini kila barua umeniuliza hali, nami nimejibu sijambo, na hukuwahi kusimama hapo hata mara moja ukasema, huyu mbona kama mgonjwa? Umeona herufi zikitetemeka, umeona kisu kimegeuka, umeona ngazi imepandwa na mtu mwingine, na katika yote hayo ukamwona mwanaume tu.

Mkeo

24 Julai

Mke wangu,

Nimekosa. Sina sentensi ndefu kuliko hiyo.

Nilipomaliza barua yako nilichukua msumeno kwa mkono wa kushoto, nikajaribu kukata ubao mmoja, ubao mwepesi wa kufungia zege. Mimi, fundi wa miaka kumi na saba kazini. Mstari uliniacha nikiwa bado sijafika katikati. Wenzangu walicheka, nikaweka msumeno nikaenda nyuma ya ghala. Ngazi ile niliitengeneza mimi, na kosa lake nililijua mimi. Wewe umeanguka, kisha nikaja juu yako na maswali.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi, msimamizi amekubali. Gari linakuja tarehe saba Agosti. Likija bila barua yako, narudi nalo nyumbani. Likija na barua, nitajua hutaki kuniona, nami sitabisha.

Mumeo

6 Agosti

Mume wangu,

Najua ukiiona bahasha hii utadhani sitaki kukuona. Soma mpaka mwisho.

Usije. Siku kumi ni za mgeni. Utakuja umejaa majuto, utaninyang'anya kisu, utabeba chanja zote, utamshukuru Fundi Redio mpaka aone haya, kisha utaondoka na mimi nianze kuzoea upya. Mkataba wako umebakiza miezi mitatu. Umalize, uje ukae.

Sijakusamehe. Nilidhani kuandika kutanipoza, kumbe kumenichochea. Kuna asubuhi naamka nimesahau, halafu nakumbuka ulivyomtuma ndugu yako achungulie chumba changu. Nakuambia ili usije ukadhani huku mambo yamekwisha. Nataka uje yakiwa hayajakwisha, tuyamalize uso kwa uso, upaze sauti nami nipaze.

Kwa kushoto sasa naweza kukata, kuandika, kufunga vifungo, hata kumenya nanasi. Kusuka nywele ndiko kumenishinda. Mke wa Fundi Redio amejitolea mara mbili, nikamwambia asante, bado. Nimezifunga kitambaa zinangoja. Najua hujui kusuka, hujawahi hata kushika kitana isipokuwa cha kwako. Utakaa kwenye kiti, mimi nitakaa chini nikupe mgongo, usuke unavyoweza. Zikitoka kombo nitatoka nazo hivyohivyo mtaani mchana kweupe, na atakayeniuliza ni nani amenisuka vile, nitamwambia.

Mkeo