Blanketi Nne Juu ya Duveti Yako

Mwaitu,

Nimekaa kwenye kiti chako. Najua hukupenda mtu akikalie, hata mchungaji ulimtolea kigoda, lakini changu kilivunjika mguu wiki mbili baada ya kukuzika na sijapata wa kukitengeneza. Unisamehe hilo kwanza. Kuna jingine nataka unisamehe, na hilo ni kubwa kuliko kiti. Nitalifikia. Wacha nianze na habari za huku.

Mukuyuni ni ile ile. Mvua ilikuja siku mbili ikatutoroka. Mwanao Kioko aliniachia ufunguo wa duka, akasema niendelee mpaka nichoke, naye akarudi kazini kwake. Cherehani nimeitia mafuta. Ile bembea yako ya kulalia bado inaning'inia huko nyuma kati ya zile nguzo mbili, na kuku wa jirani wameifanya kitanda chao. Nimewafukuza, wamerudi, nimewaachia.

Mwanzoni kila mteja alikuwa akiuliza uko wapi. Sasa hawaulizi. Siku hizi wananiuliza mimi, "Na wewe unajua kupima kama yule mama?" Nawaambia najua. Halafu natafuta kitu cha kuokota chini.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimetoka kwetu Kathonzweni kutafuta jaketi ya mitumba, nikakukuta umebandika mdomo kwenye mgongo wa jaketi, unapuliza mashavu yamejaa. Nikakuuliza kama hiyo ni tarumbeta. Mdomo wangu huu. Ulicheka mpaka ukashika meza, kisha ukanieleza kwamba kitambaa kikipitisha pumzi kitapitisha na manyoya yaliyojazwa ndani, na manyoya yakitoka umebaki na shuka. Ukanipa jaketi nyingine, ukasema, "Puliza." Sijaondoka tangu siku hiyo, na kukuita Mama Kioko kulinishinda hata mwezi haujaisha. Nikaanza kukuita Mwaitu, kama ninavyomwita aliyenizaa, na hukukataa.

Wenye vibanda wengine wakifungua belo za mitumba walikuwa wanatutupia majaketi yaliyopasuka na ile mifuko ya kulalia yenye zipu mbovu. Kwao zilikuwa takataka. Wewe ulifumua, ukatoa yale manyoya laini ya kifua cha bata, ukayatenga na yale yenye uti yanayochoma, ukashona duveti yenye vidirisha vidogo vidogo ili manyoya yasikimbilie pembe moja. Kisha wale watu wanaopanda milima kulala kwenye bembea wakaanza kukutafuta. Nani angejua? Na wewe kwa sababu hukutaka kuuza kitu usichokijua, ukafunga bembea nyuma ya duka na ukaingia, mama mzima na kitambaa chako kichwani. Soko lote lilikuja kukuangalia. Walisema umewekwa kwenye wavu kama kabichi.

Lakini ulitoka humo na somo. Ulisema mgongo wako uliganda na kifua kilikuwa sawa, na duveti ilikuwa moja, chini na juu. Kumbe manyoya ukiyalalia yanakufa. Joto si la manyoya, ni la hewa iliyokaa ndani yake, na mwili ukiikandamiza hiyo hewa inaondoka. Ndiyo maana ile ya chini tunaifunga nje ya bembea, ining'inie bila kuguswa na mgongo. Na kwa mtu wa kitandani uliniambia maneno manne ambayo nimeyasikia kichwani mwangu kila siku tangu uende: "Manyoya juu, uzito chini." Kizito kilaliwe. Chepesi kikufunike, na juu yake kusiwe na kitu.

Kupima nako ulinifundisha kwa kunikosoa tu. Ikung'ute, itandaze mezani, iache ipumue mpaka kesho yake. Chomeka sindano ndefu ya kufumia mpaka iguse mbao, weka kidole pale duveti inapoishia, usome kwenye rula. Usikandamize. Kisha ingiza mkono chini, funga macho, ungoje kiganja kikuambie. Siku ile nilipoianika duveti kwetu saa sita juu ya mabati, nikapima imefura kama mandazi, nikakuletea mbio nikijisifu, hukubishana. Ulimpa mtu apande nayo milima ya Mbooni kwenye ukungu, akairudisha asubuhi imesinyaa kabisa. Ukaniambia, "Kathonzweni itakudanganya, Mwende. Huko hata mkeka unafura." Ukanikataza kabisa kumwambia mteja kwamba kitu kina joto kama hakuna mtu aliyelala nacho kwenye baridi.

Sasa nimefika, Mwaitu.

Ulipougua moyo, miguu ikavimba na ukaacha kushuka dukani, nilikushonea duveti. Ilikuwa ya kwanza ambayo hukutia mkono hata mshono mmoja. Nilifumua majaketi matatu ya kamera, yale ya daraja la kwanza uliyokuwa unayaficha chini ya meza, na sikukuuliza. Nilikuletea kitandani asubuhi. Ulichomeka sindano ukiwa umelala, ukaingiza kiganja, ukafunga macho muda mrefu mpaka nikaogopa. Nikakuuliza inapita ama haipiti. Ukasema, "Nitakuambia nikishalala nayo."

Siku hiyo hiyo mchana kina mama wa kanisa wakaja.

Unajua vile huwa. Hawaji mikono mitupu kwa mgonjwa. Walileta blanketi nne, zile nzito zenye picha ya simba, na kila moja ilitandazwa juu yako na mkono wa aliyeileta, na kila moja ikaombewa hapo hapo. Mwenyekiti wao alizipigapiga pembeni akaniambia zibaki hivyo, zimeombewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. Niliona duveti yangu ikishuka. Ya kwanza, ikashuka. Ya pili. Kufikia ya nne ungedhani chini yake hakuna kitu, ni shuka tu.

Nilijua. Hicho ndicho ninachotaka kukuambia, Mwaitu, nilijua. Si kwamba nilisahau. Mimi na mdomo huu unaojulikana soko zima, mimi niliyekuuliza habari ya tarumbeta kabla hata ya kukusalimia, nilinyamaza. Niliona aibu. Kutoa blanketi ya mtu juu ya mgonjwa ni kama kumrudishia maombi yake, na wale ni mama zangu, na wangesema yule msichana wa dukani anajifanya mwenye nyumba. Nikagawa chai.

Na walikuwa wanakuja kila siku, wawili, watatu, kukuangalia na kuangalia blanketi zao. Siku ya tatu uliniambia unasikia baridi. Ulisema polepole kwa sababu pumzi ilikuwa ndogo, na wale simba wanne walikuwa wamekukalia kifuani. Nami nikafanya nini? Nikazivuta blanketi mpaka kidevuni, nikazikaza chini ya godoro. Ulinitazama. Wageni walikuwa wamekaa hapo kwenye viti, na wewe hukuwa mtu wa kuaibisha mgeni nyumbani kwako. Ulinitazama tu.

Siku ya sita asubuhi ukaenda. Daktari alisema ni moyo, na mimi si mjinga, najua blanketi haiui. Lakini ulikaa siku sita kwenye baridi chini ya mikono ya mtu uliyemfundisha joto. Na hukuniambia kama duveti imepita.

Baada ya mazishi blanketi ziligawiwa watu wa ukoo. Duveti Kioko akanipa mimi, akasema ni kazi ya mikono yangu. Niliisindilia kwenye gunia nikaitupa nyuma ya belo. Ndiyo, niliisindilia. Ungenichapa. Nilifanya kazi miezi mitatu nikiwa nimeligeuzia mgongo lile gunia.

Kisha Musyoka akaja, yule kijana anayepeleka watu kulala kwenye bembea huko Mbooni. Alikuwa na kikundi na alipungukiwa duveti moja. Akachungulia nyuma, akaona pembe ya kitambaa, akalivuta gunia kabla sijamzuia. Akauliza, "Hii ina joto?" Swali rahisi hivyo. Nikamwambia sijui, hakuna aliyewahi kulala nayo vizuri. Nikamwambia nitapanda naye niilalie mimi mwenyewe.

Niliipumzisha siku nne mezani. Siku ya kwanza ilikuwa na shimo katikati, pale kifua chako kilipokuwa. Niliikung'uta, nikavunja vunja madonge kwa vidole kupitia kitambaa, dirisha moja baada ya jingine. Ilikuwa inanuka ile dawa yako ya kujipaka miguu. Niliacha kazi mara mbili nikatoka nje. Siku ya nne sindano ikasoma vizuri, lakini sikuamini, hewa ya hapa ilikuwa kavu na wewe ulinionya.

Nikuambie ukweli wa Mungu. Nilipokuwa napanda Mbooni nilikuwa naomba duveti ikatae. Nilitaka nitetemeke. Kwa sababu ikikataa, basi kosa ni la mshono wangu, ni la majaketi, ni la bata, ni kosa la fundi ambaye bado anajifunza. Hilo ungelicheka. Lakini ikipita, basi kilichokunyima joto ni kunyamaza kwangu, hakuna kingine.

Nilifunga bembea kwenye miti miwili, nikaning'iniza duveti nyingine chini yake vile ulivyonifundisha, yako nikaiweka juu, na juu yake sikuweka kitu. Niliamka kumekucha. Ukungu ulikuwa mzito, miti inadondosha maji, pua yangu ilikuwa baridi kama ya mbwa. Na mwili wangu, Mwaitu, ulikuwa na joto. Shingo mpaka vidole vya miguu. Nilikuwa nimetoa hata soksi bila kujua.

Nililia humo ndani ya bembea mpaka ikawa inatikisika. Musyoka alidhani nimeganda, akanikimbilia na kikombe cha chai. Akaniuliza kama imepita. Nikamwambia imepita. Akauliza mbona basi nalia, nikamwambia kwa sababu imepita, na yeye akaniachia chai akaenda zake.

Sikumpa ile duveti. Nilimtafutia nyingine, na yako nikakaa nayo, sijui ni ya nini.

Wiki iliyopita nikasikia kwamba dada yako Kalekye ameanguka uani kule Migwani, amevunjika nyonga, yuko kitandani na analalamika miguu imekufa baridi. Niliifungasha duveti kwa ulegevu, isiumie, nikaenda. Nilipoingia, nilikuta kina mama wa kanisa lao wamejaa chumbani. Blanketi mbili zilikuwa tayari juu yake. Ya tatu ilikuwa inafunguliwa, na aliyeishika alikuwa mama mzee kuliko wote, tena alikuwa ameanza kuomba. Ilikuwa na simba, Mwaitu. Simba yule yule.

Nilingoja aseme amina, kwa sababu adabu ulinifundisha pia. Kisha nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Mama zangu, hizi blanketi mlizoziombea, naomba azilalie. Zimbebe. Zikiwa juu zinamlemea."

Mmoja alinipima kwa macho kuanzia viatu. Nilijua kinachofuata, nikaanza kueleza mbio mbio habari za hewa na manyoya na bembea, hata sijui nilisema nini, nikakutaja, nikasema nilikuwa na mama yangu kule Mukuyuni na mimi nilimwachia baridi siku sita kwa sababu niliona aibu. Nilisema hivyo mbele ya watu nisiowajua. Yule mzee akaiangalia blanketi yake mikononi. Akasema, "Haya, mshikeni." Tukamnyanyua Kalekye polepole, sisi watano, tukatandaza blanketi zote tatu chini yake, na juu tukamwekea duveti yako peke yake. Yule mzee alitaka kuipigapiga pembeni. Nikamshika mkono kwa upole, akaacha. Kisha wakaomba tena, safari hii wote wakiwa wamepiga magoti.

Ilikuwa rahisi hivyo. Wala hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ilikuwa maneno machache tu, na yalikuwa ya kwako.

Niliingiza kiganja chini nikafunga macho nikangoja. Kalekye ana uso wako. Baada ya muda akasema, "Miguu imerudi."

Duveti nimemwachia. Ilikuwa ya kwenu.

Mwaitu, sasa pumzika. Kiti nakurudishia, na mpaka changu kipone nitakaa kwenye kigoda cha mchungaji. Na nakuahidi hivi: hakuna duveti itakayotoka kwenye duka lako bila mimi kusema kwa mdomo wangu vile inavyotandikwa, na hakuna mgonjwa nitakayemwona amelemewa nikamgawia chai nikanyamaza, hata aliyeleta blanketi awe nani. Mwenyekiti wa kina mama nitamwambia Jumapili hii baada ya ibada. Nitaanza na kumshukuru kwa zile nne.

Na lile jibu ulilosema utanipa, nimelala nayo mimi kwa niaba yako. Ina joto, Mwaitu. Ilikuwa na joto tangu asubuhi ile.

Ni mimi Mwende wako, niliyenyamaza siku sita.