Sikuja Kwako

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa barua yako. Huku Mbalizi tu wazima, ila baridi inauma. Unauliza kama uendelee kuwafundisha wanafunzi mpira wakati wakubwa hawawajali.

Miaka ya sabini tulipanda lori hadi Iringa kuishangilia timu ya wanafunzi wa mkoa wetu. Kaka yangu Lusajo, beki, alicheza fainali kifundo cha mguu kimevimba. Tukafungwa. Mgeni rasmi akawapa wenyeji kombe, kisha akawaambia vijana wetu waondoke, walioshindwa hawana zawadi.

Nikavua khanga mabegani, nikaingia uwanjani.

"We binti, hujaitwa!" akafoka kwenye kipaza sauti.

"Sikuja kwako," nikamjibu, nikamvika Lusajo ile khanga.

Wanawake wa lori letu wakanifuata na khanga zao, wakipiga vigelegele, na akina mama wa Kihehe, wenyeji nisiowajua, wakaingia pia. Kila mchezaji akavikwa. Lusajo, ambaye hakuulilia mguu, hapo akalia. Mgeni rasmi aliondoka bila mtu kumtazama.

Waite wazazi, mama, muwatuze vijana wenu wenyewe. Nitakuja, na sitakaa kimya.

Ni mimi bibi yako.