Usikojoe Kabla ya Kuingia

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Kuku wanataga, mguu wangu ni ule ule. Mama yako kaniambia unakojoa damu, na keshokutwa unakwenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Beba dawa zote unazokunywa. Usikojoe kabla, watataka kupima.

Babu yako alikojoa kwanza, eti heshima, kisha akamwambia daktari mgongo unamuuma. Nilikaa pembeni yake. Damu nilikuwa naiona nikifua suruali zake. Nilinyamaza. Tulirudi na dawa ya kuchua, na mwaka haukuisha tukamzika.

Usione haya. Hata jirani anayeniandikia keshajua. Ukishindwa kusema, mpe daktari karatasi hii: mjukuu wangu anakojoa damu. Nimesema mimi.

Bibi yako