Fahari Yetu

Mwenzio nimeumbuka leo! Nimejifungia stoo ya karatasi, sitoki.

Si tulikuwa tunamuaga meneja wetu, yule mama anayestaafu? Nikapewa mimi hotuba. Nikaandika kwa mkono wangu: "Mama, wewe ni fahari yetu." Nikaisoma kwa madaha.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi mitambo akalia "Mooo!"

MOOO, unanisikia?

Dereva akanivuta pembeni. "Umemwita mama wa watu fahali, dume la ng'ombe! Sema fahari."

"Si ndiyo nimesema, fahari!"

"Sio hivyo. Fahari!"

"Ndiyo hiyo hiyo, fahari! Wewe kiziwi?"

Kumbe kiziwi mimi. Kanionyesha video aliyonirekodi, nimetega masikio, nasikia fahari safi kabisa! Yaani ulimi umeshindwa kutamka, na sikio nalo limeamua kumtetea ndugu yake.

Na mama mwenyewe? Hakusikia kosa lolote! Alisimama machozi yanamtoka, akanikumbatia: "Asante mwanangu, nanyi ni fahari yangu." Mimi nilisikia hivyo. Dereva anaapa mama naye kasema fahali.

Basi tumekumbatiana, tunalia wawili tu kwa uchungu wa kuagana. Wengine wote wanalia kwa kicheko, wameshika mbavu.

Halafu nimekaa humu nikakukumbuka wewe.

Tangu tuko shule unaniandikia "lafiki yangu".

Na mimi miaka yote nakuonea huruma, nikidhani simu yako mbovu!