Farasi Mgonjwa wa Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Jumamosi nilifungwa na ufunguzi wako. Usicheke kwanza. Yalikuwa mashindano ya sataranji kwenye ukumbi wa parokia, Nyamianda, mchana kweupe, na aliyenifunga ni mwalimu wa kike kutoka Luvungi ambaye sikuwahi kumwona.

Unakumbuka seti yetu ya kwanza? Farasi mweupe wa kushoto alipotea, tukaweka kifuniko cha soda. Ukamtungia sheria: huyu ni mgonjwa, anakaa nyumbani mpaka mtu afe kwanza, yaani askari wake mmoja aliwe. Basi ukawa unaanza na askari wa pembeni, hatua mbili, kisha farasi wa kulia. Hata tulipopata seti nzima hukubadilika. Ulimgeuza tu mgonjwa wako akutazame. Hakuna mchezaji mwenye akili anayefungua hivyo. Tulioujua ufunguzi huo tulikuwa wawili tu, mimi na wewe.

Kabla ya kuanza, yule mwalimu akamgeuza farasi wa kushoto amtazame. Akasogeza askari wa pembeni hatua mbili. Kisha farasi wa kulia. Baadaye nikamla askari wake mmoja makusudi, nione. Papo hapo mgonjwa akatoka nyumbani.

Nilimkodolea macho farasi yule mpaka muda wangu wa kucheza ukaisha, nikafungwa. Tulipotoka nikamuuliza nani alimfundisha.

“Iko kaka mumoja anapitaka kwetu masomo ikiisha,” akasema. “Anasemaka ile farasi iko mugonjwa.”

Nusura nilie kwa furaha. Tangu mtumbwi uliopanda upinduke ziwani mwili wako haujaonekana, na Mama bado anakuwekea sahani. Nilitaka kukimbia nimwambie uko hai. Nikauliza neno moja tu zaidi: huyo kaka anavaa nini?

“Shati ya kijani. Kifungo moja tu njo iko nyekundu.”

Kifungo hicho nilikishona mimi. Na kwa kuwa hatukuwa na mwili, shati hilo ndilo tulilozika. Nililikunja mwenyewe.

Mama sijamwambia kitu. Nakuogopa, kaka, na nimekukumbuka mno. Kama unafika Luvungi, kwetu Uvira si mbali. Ila usiende kwa Mama. Njoo kwangu, seti nimeipanga, nyeupe ni zako, na mgonjwa nimemgeuza akutazame. Safari hii sitakula askari wako hata mmoja.

Ni mimi, mdogo wako